Watchmen ni ushahidi tosha: muvi ya mashujaa ikikopi komiki fremu kwa fremu inakosa uhai. Bisheni

Kimbaumbau (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu.

Nina hoja imenikaa kichwani tangu juzi niliporudia kuangalia Watchmen ya 2009. Kila ikitoka trela ya muvi ya mashujaa watu mnaanza "mbona kwenye komiki hakuwa hivi", "wamechakachua", "vazi silo lile", mnalia weee mpaka muvi inatoka. Sasa hii Watchmen ndo ile direkta Zack Snyder alikaa na michoro ya komiki ya Dave Gibbons mezani akahakikisha karibu kila kitu kiko vilevile, beji ya njano yenye tone la damu ipo, shujaa Rorschach anasoma daftari lake, Mars ipo, hadi Veidt, shujaa wa zamani aliyepanga maafa yote, anapowajibu wenzake kwamba alishamaliza kazi dakika 35 zilizopita ipo. Dakika 162 za utii mtupu. Na bado ukimaliza umeona kila kitu na hakuna kilichokugusa.

Hoja yangu ni kwamba kuifuata komiki sana ni mtego. Wanaofanikiwa ni wale wanaochukua wanachokitaka na kingine wanatupa huko. Njooni na hoja, matusi bakini nayo.

Msomaji Mzembe
Nimekaa paleee siti ya mbele

Dokta Popo
Mleta uzi umekuja na mfano unaokuangusha mwenyewe. Watchmen imefuata komiki wapi wakati mwisho wake umebadilishwa? Kwenye komiki, zile namba 12 za 1986 hadi 1987, Veidt anaangusha lile dude kama pweza katikati ya New York, watu wanakufa kwa mamilioni, dunia inaamini imevamiwa na viumbe kutoka nje, Marekani na Wasovieti wanaacha ugomvi. Snyder akamtoa pweza, akaleta milipuko kwenye miji mingi na kesi akabebeshwa Dr Manhattan, yule mwenye nguvu kama mungu. Ukibadilisha hitimisho la hadithi nzima huo unauitaje utii?

Kimbaumbau
Pweza ni kitu kimoja kati ya mia Dokta. Na tuwe wakweli, ile ya Manhattan inaingia akilini zaidi, haihitaji kueleza dude limetengenezwaje na nani kalichora na nani kaazimwa ubongo wake.

Dokta Popo
Haiingii akilini hata chembe. Manhattan ni silaha ya Marekani, ndo aliyewashindia vita ya Vietnam kwenye hiyo hadithi, dunia nzima inalijua hilo. Moscow ikilipuliwa na mtu wa Marekani Wasovieti wapatane na Marekani kwa lipi? Makombora yangeruka jioni ileile. Pweza anachekesha, sikatai, ila ni mgeni kwa wote na ndo maana ujanja wa Veidt unafanya kazi. Tamthilia ya Watchmen ya HBO ya 2019 walimrudisha pweza na hakuna aliyekufa kwa kicheko.

Bi Tashtiti
Watu wazima na familia zao wanagombania pweza. Endeleeni wapendwa

mchora_katuni
Naomba niingie hapa maana mimi ndo shughuli yangu, nachora vya kwangu vya kawaida tu lakini shida nazijua.

Watu mnaongelea hadithi, kwamba kimetolewa hiki kimeongezwa kile. Komiki sio hadithi peke yake, komiki ni ukurasa. Chukua Watchmen hiyohiyo, kurasa nyingi zina viboksi tisa, tatu kwa tatu, kama saa inagonga. Sasa namba 5 yote imepangwa kwa kioo, ukurasa wa kwanza unafanana mpangilio na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hivo hivo mpaka katikati ambapo Veidt anampiga yule muuaji aliyetumwa na picha inakula kurasa mbili. Msomaji anaweza kufungua katikati akarudi nyuma akaenda mbele, akaweka kidole hapa akalinganisha na pale. Muvi itafanya nini? Muvi inakimbia picha 24 kila sekunde na wewe umekaa tu. Hakuna kurudi, hakuna kulinganisha. Snyder angeweza kuweka kila neno la namba 5 na bado namba 5 isingekuwepo.

Kwaiyo kwangu mimi swali la "amefuata au hajafuata" limekaa vibaya toka mwanzo. Ukiwa unachora unaamua mtu akae kwenye kiboksi muda gani kwa kukipanua au kukibana, na bado mwenye mamlaka ni msomaji. Direkta anakunyang'anya hayo mamlaka hata akiwa na nia njema kiasi gani. Kilichobaki ni yeye kutafuta kitu cha kwake kitakachofanya kazi ileile kwa njia nyingine, na hapo huwezi kusema anakopi tena.

Msomaji Mzembe
Nondo hizi. Mchora katuni anashusha utadhani analipwa

Mpole Sana
Namuunga mkono @mchora_katuni kwa sehemu, ila mleta uzi ana kitu pia hajakimalizia. Kwenye komiki ya Watchmen mashujaa wastaafu Nite Owl na Silk Spectre ni watu waliochoka, jamaa ana kitambi, miaka imepita, wakivamiwa na vibaka uchochoroni wanapigana wakimaliza wanahema. Kwenye muvi uchochoro uleule, vibaka walewale, lakini mifupa inachomoka nje ya ngozi kwa mwendo wa polepole na hao wazee wanapigana utadhani wamezaliwa jana. Fremu imefuatwa, maana imegeuzwa. Komiki ilikuwa inawaonea huruma na kuwacheka watu wazima wanaovaa maski, muvi inawasujudia. Hapo ndo uhai ulipotokea mlangoni.

Alafu jiulizeni kitu kimoja, sehemu inayosifiwa na kila mtu hata wasioipenda hiyo muvi ni ile ya mwanzo kabisa majina yanapopita, wimbo wa Bob Dylan unapigwa na tunaona miaka ya mashujaa inavyopita picha kwa picha. Ile haipo kwenye komiki kwa namna ile. Wameitunga wao.

Kimbaumbau
ASANTE. Hicho ndo nilichokuwa nasema, sehemu bora ya muvi tiifu ni ile waliyokosa utii. Nifunge uzi?

Ngurumo
Usifunge, haraka ya nini. Umeisahau Sin City ya 2005. Robert Rodriguez alichukua vitabu vya Frank Miller akavitumia kama ndo skripti yenyewe, watu wakaigiza mbele ya pazia la kijani, nyeusi na nyeupe na rangi kidogo hapa na pale, mdomo mwekundu, jamaa wa njano. Alimng'ang'ania Miller awe direkta mwenzake mpaka akajitoa kwenye chama cha madirekta cha Marekani maana walikataa wawili wasaini. Muvi ikatoka kopi ya komiki na ilikuwa moto. Sasa sheria yako ya "ukikopi unaua" inakuwaje hapo?

Chuma Chakavu
Sin City sio mashujaa wenye nguvu za ajabu mkuu, ni majambazi na makahaba na polisi wabovu, uzi unahusu mashujaa.

Lakini tukubali iwe mfano. 2014 wakarudi haohao wawili, Rodriguez na Miller, mbinu ileile, pazia lilelile, mwonekano uleule, wakatoa ya pili na ikaanguka vibaya sinemani. Kwaiyo kukopi hakukuiokoa ya pili, na sidhani kama ndo kulikoibeba ya kwanza. Ilibebwa na upya, watu hawakuwahi kuona kitu kile.

Ngurumo
Kaanguka kwa sababu walichelewa miaka tisa. Jibu la swali langu silioni bado

Chuma Chakavu
Sawa twende na mwingine mwenye sifa zote. Judge Dredd, yule polisi ambaye ni jaji hapohapo. Kwenye komiki tangu 1977 uso wake hauonyeshwi, hiyo ndo sheria kuu, yeye ni sheria, sheria haina sura. 1995 Stallone akavua helmeti mapema tu, maana umemlipa Stallone halafu umfunike? 2012 akaja Karl Urban, muvi nzima hajavua, unamwona kidevu na ule mdomo uliopinda chini basi. Na hadithi yenyewe ya 2012 haikutoka kwenye toleo lolote la komiki, Alex Garland kaiandika mwenyewe, ghorofa moja refu, majaji wawili, mama muuza dawa za kulevya juu kabisa. Hadithi mpya, mtu yuleyule. Wapenzi wa komiki waliipokea kwa mikono miwili.

Dokta Popo
Na sinemani ilikufa.

Chuma Chakavu
Ilikufa ndio, lakini kwa nini ilikufa ni uzi mwingine.

Bi Tashtiti
Jamani mimi nilichojifunza hapo ni kwamba mwanaume akilipwa hela nyingi lazima aoneshe sura. Angalieni Spider-Man, kila muvi lazima maski ichanike au aivue, ile ya 2004 kwenye treni abiria wote wanamwangalia usoni na hakuna aliyemtangaza, jiji lote wana siri sijui wamekula kiapo. Iron Man nae wakatafuta ujanja wa kutuingiza ndani ya helmeti tuone macho ya Robert Downey Jr yakizunguka. Kwenye komiki hamna hayo, kuna chuma tu.

mchora_katuni
@Bi Tashtiti unatania lakini umegusa penyewe. Kwenye komiki maski sio shida maana tunaweka viputo vya mawazo, msomaji anasikia kilicho kichwani hata kama uso umefunikwa wote, na kwa Spider-Man macho ya maski tunayachora makubwa au tunayabana kufuata hisia. Muvi haina kiputo, ina uso wa mwigizaji. Wakija kuweka maski zenye macho yanayobanika kwa mota kwenye ile ya 2016 ndo wamepata njia ya kutoka.

Mwanasheria Uchwara
Mnaongelea sanaa hapa wakati nusu ya mabadiliko mnayolalamikia yamefanywa na wanasheria. Marvel walikuwa hoi kifedha miaka ya 90, 1996 wakaomba ulinzi wa kufilisika, haki za filamu zikauzwa huku na huku. X-Men na Fantastic Four kwa kampuni ya filamu ya Fox, Spider-Man kwa Sony. Ndo maana mwaka 2014 kuna Quicksilver wa Fox na 2015 kuna Quicksilver mwingine wa Marvel, mtu mmoja waigizaji wawili, na huyu wa pili hawakuthubutu hata kumwita mutanti, yaani aliyezaliwa na nguvu kama X-Men. Magneto ambaye kwa miaka mingi kwenye komiki alijulikana kama baba yake hatajwi kabisa.

Na Civil War ndo chekesho zaidi. Komiki ya 2006 ina mashujaa kibao, ugomvi ni sheria ya kujiandikisha na kutoa majina yenu ya kweli, tukio lililotikisa ni Spider-Man kuvua maski mbele ya waandishi wa habari. Muvi ya 2016 uwanja wa ndege una watu 12 tu, sita kwa sita, na Spider-Man mwenyewe kapatikana kwa sababu Sony na Marvel walikubaliana 2015. Ungekuwa direkta ungefuata komiki kwa kumtumia nani?

Dokta Popo
Hapo kwenye Civil War haki ni sehemu tu. Hata wangepewa watu wote isingewezekana, kwa sababu kwenye zile muvi hakuna mwenye siri. Tony Stark alijitangaza mwenyewe kuwa ndo Iron Man mwishoni mwa muvi ya kwanza 2008, Captain America yupo makumbusho, Thor anaishi kwa jina lake. Sheria ya kufichua majina ingemtisha nani? Ndo maana wakahamisha ugomvi uwe nani awaongoze, Umoja wa Mataifa au wao wenyewe. Ni matokeo ya uamuzi wa miaka nane nyuma.

Sele Mfululizo
Mimi naona Logan ya 2017, ile ya Wolverine, ndo imefuata komiki kuliko zote, Old Man Logan kabisa, mzee amechoka, barabara, jangwa

Mwanasheria Uchwara
@Sele Mfululizo Old Man Logan umeisoma au umeona jalada? Kwenye komiki wenye nyumba wanaomdai Logan kodi ni ukoo wa Hulk, anayemchukua safari ni Hawkeye kipofu, rais ni Red Skull. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mali ya Fox. Na komiki inasema Logan aliwaua X-Men kwa mikono yake baada ya Mysterio kumchezea akili, muvi ikahamishia balaa kwenye kifafa cha Profesa X, mkuu wa X-Men. Kilichobaki ni uzee na barabara.

Sele Mfululizo
Sasa si uzee na barabara ndo Old Man Logan yenyewe

Mwanasheria Uchwara
Hahaha haya bwana

Mpole Sana
Sele kaongea kwa utani ila ndo hoja yangu ileile ya vibaka wa uchochoroni. Huku wametupa matukio yote wakabaki na uchovu wa mtu, na watu wanaona imefuata. Watchmen imebaki na matukio yote ikatupa uchovu, na watu wanaona haijafuata.

Kimbaumbau
Mbona unanisaidia halafu unajifanya unanipinga

Fundi Saa
Nimesoma toka juu, kuna swali hakuna aliyeuliza: mfuate komiki IPI? Mnaongea utadhani kuna kitabu kimoja kimefungwa. Superman wa 1938 alikuwa hapai angani, alikuwa anaruka juu kama panzi anatua mbele huko. Batman wa 1939 hadithi yake ya kwanza kabisa anampiga mhalifu anatumbukia kwenye tindikali na anaona sawa tu. Sasa 2013 Superman alipomvunja shingo adui yake Zod kwenye Man of Steel mtandao ulitaka kuchomeka, "Superman haui, someni komiki". Komiki ya 1988 ya John Byrne, Superman namba 22, Superman anawaua wahalifu watatu wa Krypton, sayari ya kwao, kwa kryptonite, lile jiwe linalowadhuru, huku wanalia, na Zod yumo. Hiyo nayo ni komiki au sio?

Dokta Popo
Ni komiki, na baada ya kuwaua alichanganyikiwa akajihamisha duniani kwa muda, hadithi ilikaa na lile jambo. Muvi ilimpa kilio kimoja kisha tukio linalofuata anatania na jenerali. Kuua sio shida, shida ni kilichofuata.

Fundi Saa
Sawa ila umekubali kwamba wale waliosema "hajawahi" hawakuwa na pa kusimamia. Nyingine: mnachoita "asili" chenyewe kimetoka nje ya komiki. Kryptonite ilianzia redioni miaka ya 40, kwenye mchezo wa Superman. Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, kwa jina hilo, redioni. Harley Quinn kaanzia kwenye katuni za Batman za TV 1992. Na yule mkuu wa majasusi wa Marvel, Nick Fury, kwenye komiki ya Ultimates 2002 walimchora kwa sura ya Samuel L. Jackson, miaka sita baadae akaja kuigiza mwenyewe. Nani kamfuata nani hapo?

Chuma Chakavu
Ongeza utando wa Spider-Man. 2002 Sam Raimi kaweka utando unatoka mwilini, mashabiki wakawaka, kwenye komiki Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anatengeneza vifaa vyake ndo uthibitisho kwamba ana akili. Mwaka 2004 komiki zenyewe zikampa Peter utando wa mwilini. Mashabiki waliokuwa wanalia "fuateni komiki" ikabidi wailaani komiki.

Binti Radi
Habari zenu. Mmeongea sana ila mnaongea kama kufuata komiki siku zote ni jambo jema na kinachozuia ni hela au sheria. Mimi niwaulize kuhusu M'Baku. Kwenye komiki ya 1969 huyu mtu anaitwa Man-Ape, Mwafrika aliyevaa ngozi ya sokwe mweupe aliyemuua. Black Panther ya 2018 ingefuata komiki hapo mngekaa mtazame? Wakalitupa lile jina, wakambakiza na kabila la Jabari, vazi la mbao na manyoya kidogo mabegani, Winston Duke akaja akaiba kila tukio aliloingia. Nani hapa anadai wamechakachua?

Na kuna upande wa pili. Storm wa X-Men, anayeamuru hali ya hewa. Mama yake Mkenya, baba Mmarekani mpiga picha, kabaki yatima Cairo akawa mwizi wa mitaani, kisha akatembea hadi nyika za Kenya ambako watu walimwabudu kama mungu wa mvua. Komiki za 1975 na kuendelea zimejaa hayo. Kwenye muvi ya 2000 tumepata nini, Halle Berry na lafudhi aliyoiacha muvi zilizofuata. 2016 angalau wakaonyesha Cairo. Kwaiyo kile ambacho kingefaa kufuatwa ndo hakikufuatwa. Mnaponiambia hela na wanasheria, Storm alikuwa mali ya Fox toka mwanzo, nani aliwazuia?

Mwanasheria Uchwara
Hakuna aliyewazuia, walikuwa bize na Wolverine. Hapo nimefika mwisho wa uanasheria wangu.

Ngurumo
Ingawa kwa M'Baku nakubali, nadhani kuna hatari ukianza kusafisha kila kitu. The Mandarin, adui wa Iron Man, kwenye Iron Man 3 walimgeuza mwigizaji mlevi ili wakwepe ile picha ya Mchina mbaya ya miaka ya 60, sawa, ila walichopata ni utani na adui mwenye jina hilo akapotea mpaka 2021 kwenye Shang-Chi walipomwandika upya kama baba mwenye majonzi. Kumbe ingewezekana toka mwanzo kumfanya mtu.

Binti Radi
Ile twisti ya Iron Man 3 ilikuwa nzuri na nitaitetea peke yangu kama ikibidi

Ngurumo
Itakubidi

Mgeni Mwema
Mimi sijawahi kusoma komiki hata moja nawaangalia tu mnavyopambana. Nilienda kuangalia Infinity War na kaka yangu anayezisoma, mimi nimetoka nimeumia rohoni, yeye ametoka amenuna eti Thanos, yule adui mkuu, hakuwa vile. Nikamuuliza alikuwaje akaniambia alikuwa anampenda mwanamke. Nikamwambia si Gamora ni mtoto wake? Tukagombana njia nzima. Nisaidieni, alikuwa anampenda nani?

Dokta Popo
Kifo. Kwenye komiki za Jim Starlin Kifo ni mwanamke, na The Infinity Gauntlet ya 1991 Thanos anaua nusu ya viumbe ili kumfurahisha, na yeye hata kumjibu hamjibu. Muvi wakampa sababu ya uhaba, viumbe wengi chakula kidogo.

Mgeni Mwema
Kumbe alipigwa kibuti ndo akaua ulimwengu. Sasa hiyo ya muvi si ndo nzuri zaidi? Angalau unabishana nayo

Fundi Saa
Unabishana nayo kisha unagundua haina akili, mwenye uwezo wa kila kitu si angeongeza chakula tu. Mwenye mapenzi ya kijinga huwezi kumuuliza hesabu. Wa komiki ana mantiki zaidi kwa sababu hadai mantiki.

Bi Tashtiti
Kaka yake Mgeni Mwema nampa pole. Kuna watu wameshasoma hilo darasa la kutojibiwa

Chuma Chakavu
Ila angalieni pia vitu vidogo walivyochukua. Kwenye komiki anayedondoka kupasua nyumba ya Doctor Strange kuleta habari ni Silver Surfer, kwenye muvi ni Bruce Banner, tundu lilelile kwenye paa lilelile. Surfer alikuwa Fox. Haya mambo ukiyajua yanakupa raha yako peke yako, aliye siti ya pembeni hajui unachekea nini.

Msomaji Mzembe
Nje ya mada kidogo, Superman wa 2025 amerudishiwa chupi juu ya suruali na nimefurahi. Yule wa 2013 alikuwa anaonekana kavaa sare ya pikipiki

Ngurumo
Hiyo sio nje ya mada. X-Men 2000 waliona aibu ya rangi wakavaa ngozi nyeusi wote, na Cyclops akarusha kijembe kuhusu kubana kwa njano. Miaka 24 baadae Hugh Jackman anavaa njano na sinema nzima inapiga kelele. Galactus, yule mla sayari, 2007 alikuwa wingu, 2025 ni jitu lenye pembe kichwani linatembea mjini. Waliokuwa wanaona aibu ndo walikuwa wanadhani sisi tutaona aibu.

Sele Mfululizo
Au efekti zilikuwa bado, usisahau. Jitu lile mwaka 2007 ungelicheka mpaka leo

mchora_katuni
Wote mnasahau katuni. Into the Spider-Verse 2018, nukta za uchapaji zinaonekana kwenye ngozi, maandishi yanatokea hewani, Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, mwanzoni anachorwa picha 12 kwa sekunde ili aonekane hajakomaa wakati Peter anaenda na 24 na wanaruka msitu mmoja. Hiyo ndo niliyoisema mwanzo, kitu cha kwao kinachofanya kazi ya ukurasa. Ang Lee alijaribu na Hulk 2003 kukata skrini viboksi viboksi, wazo zuri, ila watu waliona kero.

Kimbaumbau
Mchora katuni unanipa ushindi tena. Hakuna alichokopi hapo, kavumbua.

Dokta Popo
Kavumbua ili akopi vizuri. Haujashinda kitu.

Binti Radi
Kwa waliobaki macho, naomba ugomvi wa mwisho: Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Komiki ya Spider-Man namba 121 ya mwaka 1973, anadondoka kutoka darajani, utando unamdaka mguuni, na pembeni ya shingo kuna neno dogo sana, SNAP, mlio wa kitu kuvunjika. Yaani kilichomuua ni kuokolewa. Muvi ya 2014 wakamhamishia kwenye mnara wa saa. Je ile SNAP ipo?

Chuma Chakavu
Haipo. Kwenye muvi kichwa kinagonga sakafu, utando umechelewa. Ni tofauti kubwa, Peter wa komiki amemuua, Peter wa muvi amechelewa tu.

Mpole Sana
Hapana, irudie taratibu. Utando unamdaka, mwili unavutika, ndipo kichwa kinaenda nyuma. Vyote viwili.

Chuma Chakavu
Nimeirudia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kazi. Sakafu.

Fundi Saa
Mnaangalia shingo, angalieni saa iliyo nyuma yao. Inasimama saa 1:21. Namba ya toleo.

Mpole Sana
Kwaiyo wamekumbuka namba wakasahau shingo?

Binti Radi
Hawajasahau, @Chuma Chakavu hebu kaangalie na spika zikiwa juu, kuna mlio

Chuma Chakavu
Huo mlio ni wa sakafu dada